Neno "charge": jinsi ya kujua limebeba nini kabla hujalitafsiri

Anza na sentensi hii fupi ya Kiingereza: "They charged him." Ikisimama peke yake, haitafsiriki. Huenda walimtoza pesa, huenda walimfungulia kesi, na kama wahusika ni nyati wawili wa Mikumi, basi walimvamia. Anayekosea hapa mara nyingi anazijua maana zote tatu. Tatizo ni kwamba anachukua ile iliyomjia kwanza kichwani, halafu anailazimisha sentensi nzima iifuate.

Njia ya uhakika ni kusoma kinacholizunguka neno kabla ya kuligusa neno lenyewe. Lakini kwanza ujue lilikotoka, maana asili yake inarahisisha kazi.

Warumi walikuwa na neno carrus, gari la magurudumu, ambalo walilipata kwa Wagauli, watu wa Ufaransa ya kale. Kutokana nalo kikazaliwa kitenzi carricare, kupakia gari. Wafaransa wakakifanya charger, Waingereza wakakichukua. Ndugu zake wako kila mahali: "car", "carry", "cargo", na hata "caricature", mchoro uliopakiwa chumvi kupita kiasi. Kwa hiyo kiini cha "charge" ni mzigo. Mswahili haoni ajabu hapo, kwa sababu kitenzi chetu cha kutwika kimepita njia hiyohiyo: mtu hutwikwa ndoo kichwani, hutwikwa lawama, hutwikwa majukumu. Ukikwama, jiulize: nani anatwikwa nini? Akitwikwa malipo, ni kutoza. Akitwikwa kosa, ni kushtaki. Akitwikwa kazi, ni kukabidhiwa. Betri ikitwikwa umeme, ni kuchaji. Gobori likitwikwa baruti, ni kushindilia. Ni maana ya kuvamia tu isiyokaa vizuri kwenye kipimo hiki. Hiyo ishike peke yake.

Tazama neno dogo linalofuata

Kihusishi kinachokuja baada ya "charge" ndicho kinachofichua maana mara nyingi:

- "charge" + mtu + kiasi cha pesa, au "for": kutoza
- "charge" + kitu + "to": kuandika deni au gharama kwenye akaunti fulani
- "charge at", "charge into": kukimbilia, kuvamia, kuingia kwa kishindo
- "charge" + mtu + "with": kushtaki, au kukabidhi jukumu

Huo wa mwisho ndio mtego mkubwa, na umewanasa hata waandishi wa habari wazoefu. "He was charged with the theft" ni "alishtakiwa kwa wizi". "He was charged with investigating the theft" ni "alipewa jukumu la kuchunguza wizi". Ukizichanganya, mpelelezi anageuka mwizi gazetini.

Wapo wanaofundisha kwamba "with" ikifuatwa na kitenzi chenye "-ing", maana ni jukumu. Kanuni hiyo haitoshi, kwa sababu makosa ya jinai nayo huandikwa hivyohivyo. "Charged with collecting taxes" ni kukabidhiwa kazi ya kukusanya kodi, ilhali "charged with evading taxes" ni kushtakiwa kwa kukwepa kodi. "Charged with possessing ivory" ni kushtakiwa kwa kupatikana na nyara za serikali. Swali la kuuliza ni moja: kitendo kinachotajwa ni kosa kisheria? Kama ni kosa, ni shtaka. Kama ni kazi ambayo mtu hulipwa mshahara kuifanya, ni jukumu.

Pesa: nani anatoza na nani anauza

Hapa ndipo kamusi nyingi humwacha msomaji njia panda. Zinaandika "toza" na kuendelea. Kutoza kwa Kiswahili kuna harufu ya mamlaka. Serikali inatoza, halmashauri inatoza, benki inatoza, kampuni ya simu inatoza. Fundi cherehani hatozi. Kwa hiyo "How much do you charge for a dress?" isiwe "Unatoza kiasi gani kwa gauni?" Hakuna mtu anayeuliza hivyo. Anasema "Kushona gauni bei gani?" au "Gauni unashona kwa shilingi ngapi?" Kinyozi naye unamuuliza "Kunyoa shilingi ngapi?" na mambo yanakwisha.

Nomino nazo zina wenyewe. Anayesafiri analipa nauli. Mwanafunzi analipa ada, na Kenya karo. Mwenye nyumba anapokea kodi, na serikali vilevile. Sokoni na bandarini kuna ushuru. Mlangoni mwa ukumbi kuna kiingilio, na kwenye baa au klabu ya usiku hicho ndicho Wamarekani wanachokiita "cover charge". Neno tozo lilikuwa la kwenye nyaraka zaidi, mpaka Julai 2021 serikali ya Tanzania ilipoanza kutoza miamala ya simu kati ya shilingi 10 na 10,000 kwa muamala; tangu hapo hata mtoto wa darasa la tatu anajua tozo ni nini. Litumie kwa malipo yaliyowekwa na mamlaka juu ya huduma au muamala. Usilitumie kwa bei ya sukari.

Zingatia pia anayesema. Fedha ileile ambayo benki inaiita ada ya huduma, mteja anaiita makato. Ukitafsiri taarifa ya benki, "bank charges" iwe ada au gharama za huduma. Ukitafsiri malalamiko ya mteja, iwe makato: "Nimewekewa laki moja, makato yamekula elfu mbili." Mteja anayesema "ada za huduma za kibenki" akiwa na hasira hajazaliwa bado.

"Service charge" ina sura mbili. Kwenye bili ya hoteli ni malipo ya huduma, mara nyingi asilimia fulani ya kile ulichokula. Kwenye mkataba wa pango la ghorofa ni mchango wa ulinzi, usafi, taa za ngazi na lifti, nao hulipwa mbali na kodi. Ukiandika "malipo ya huduma" kwenye mkataba bila kusema ni huduma zipi, mpangaji atasoma kwamba kodi yake imepanda. Taja huduma zenyewe.

Yafuatayo yana majibu mafupi. "Free of charge" ni bure, na kwenye tangazo rasmi ni bila malipo. "Delivery charge" ni pesa ya usafiri. Wauzaji wa mtandaoni huandika "usafiri juu yako", na hiyo ndiyo tafsiri nzuri ya "delivery charges apply". "Overcharge" mtaani ni kupigwa au kulanguliwa, na kwenye barua rasmi ni kutoza zaidi ya kiwango kilichowekwa, kama daladala inayopita nauli elekezi. "Charge it to my room" ni "iandike kwenye bili ya chumba changu". Na Mmarekani anapomwambia mwenye duka "Charge it", anasema kile ambacho jirani anamwambia Mangi wa duka la kona akiwa ameshabeba mkate na maziwa: "Niandikie." Daftari linatoka chini ya kaunta, kalamu imefungwa kamba, na biashara imekwisha.

Kama unaandika Kiingereza na unatafuta neno la kuweka badala ya "charge", angalia mipaka yake. "Price" ni ya bidhaa: husemi "the charge of sugar". "Fee" ni ya mtaalamu au taasisi, kama wakili, daktari au shule. "Fare" ni ya abiria. "Toll" ni ya daraja au barabara, kama ile iliyoanza kulipwa kwenye Daraja la Nyerere Kigamboni mwaka 2016. "Levy" huwekwa kwa sheria. "Fine" ni adhabu, na "charge" ya kawaida si adhabu. "Cost" hutazama upande wa mnunuzi: "It cost me 5,000" na "He charged me 5,000" ni pesa ileile iliyosimuliwa kutoka pande mbili.

Sarufi ina jambo moja linalowasumbua Waswahili wakiandika Kiingereza. "Charge" hufuatwa na mtu moja kwa moja: "They charged me". Usiandike "charged from me" wala "charged to me". Hiyo ya pili inamaanisha gharama imeandikwa kwenye akaunti yako. Kiswahili kinafanana nayo kabisa: "walinitoza", basi.

Mahakamani: usimtie mtu hatiani kabla ya hakimu

Maneno ya jirani hapa ni "suspect", "accuse", "charge", "sue", "prosecute" na "convict", na kila moja lina hatua yake. Yeyote anaweza kumtuhumu mwenzake, hata kwenye baraza la mtaa. Hiyo ni "accuse", na anayetuhumiwa ni mtuhumiwa. Kushtaki kwa maana ya "charge" ni hatua rasmi: kuna hati ya mashtaka, yaani "charge sheet", na mtu amesomewa mashtaka mbele ya hakimu. Kuanzia hapo ni mshtakiwa. Kutiwa hatiani ni "convict", na hakutokei mpaka hukumu isomwe. Ukiandika "amepatikana na hatia" pahali pa "has been charged", umemhukumu mtu ambaye kesi yake haijaanza, na anaweza kukushitaki wewe. Kitendo hicho chake kitaitwa "sue", si "charge", kwa kuwa ni kesi ya madai: kuna mdai na mdaiwa, na Jamhuri haimo.

"Indict" ya Marekani ni "charge" inayotolewa na baraza la raia waliokaa kupima kama ushahidi unatosha kumpeleka mtu mahakamani. Hatuna neno moja la kulilingana. Andika "amefunguliwa mashtaka", kisha ueleze hilo baraza mara moja tu katika habari.

"Count" si hesabu. "Charged with three counts of fraud" ni "ameshtakiwa kwa makosa matatu ya udanganyifu". Ndani ya hati, kila moja ni shtaka la kwanza, la pili, la tatu.

"Face charges" ni kukabiliwa na mashtaka. "I won't press charges" ya mtu wa kawaida ni "sitaki kesi". "Trumped-up charges" ina tafsiri tamu kuliko asili yake: kesi ya kubambikiwa. "Drop the charges" ni kufuta au kuondoa mashtaka. Tanzania, Mkurugenzi wa Mashtaka akisema chini ya Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai kwamba hana nia ya kuendelea na kesi, mshtakiwa anakuwa "discharged", na hiyo si "acquitted". Wa kwanza ameondolewa mashtaka na anaweza kukamatwa tena kwa kosa lilelile, jambo ambalo watu wamelishuhudia wakiwa bado kwenye ngazi za mahakama. Wa pili ameachiwa huru baada ya kuonekana hana hatia. Vichwa vya habari huwaita wote "aachiwa huru", na msomaji anashangaa mtu huyo akirudi kizimbani wiki ileile.

Tofauti nyingine ya kisheria iko upande wa Kenya. Sheria ya Ardhi ya 2012 inaita "charge" kile ambacho sheria ya Tanzania inaita "mortgage". Kote kuwili Kiswahili chake ni rehani. Ukiona kwenye matokeo ya upekuzi wa hati kwamba shamba lina "charge", hakuna kesi wala ada hapo: mwenye shamba amelikopea, na mkopo haujaisha. Ukilinunua bila kulikomboa, umenunua na deni.

Usimamizi

"In charge of" na "in the charge of" zimetofautiana kwa neno moja dogo, na maana zimepinduka. "She is in charge of the child": yeye ndiye anayemlea mtoto. "The child is in the charge of his aunt": mtoto yuko chini ya uangalizi wa shangazi yake. Ukiona "the" katikati, geuza mwelekeo.

Kwa "in charge", Kiswahili rasmi kina neno zuri ambalo wanafunzi hulisahau: mfawidhi. Kuna jaji mfawidhi, hakimu mkazi mfawidhi, mganga mfawidhi. Kwa waziri tunasema mwenye dhamana: "the minister in charge of lands" ni "waziri mwenye dhamana ya ardhi". Kwenye jengo au mradi ni msimamizi. Wodini watu husema tu "inchaji", na katika mazungumzo yaliyoandikwa si dhambi kuliacha hivyo. Na yule anayeingia ofisini akifoka "Who's in charge here?" anauliza "Mkubwa wa hapa ni nani?"

"Take charge" ni kushika usukani au hatamu. "My charges" kinywani mwa yaya au mwalimu wa chekechea ni watoto walio mikononi mwake. Waswahili walioko Marekani hukutana pia na "public charge" kwenye fomu za uhamiaji. Wapo wanaoisoma kama mashtaka ya umma na kupata kiwewe. Maana yake ni mtu anayehofiwa kuwa mzigo kwa serikali, yaani ataishi kwa misaada yake. Kipengele hicho kimo kwenye sheria za uhamiaji za huko tangu 1882, na wakimbizi hawahusiki nacho. Mzigo wa Warumi umerudi na sura yake ya kwanza.

Umeme

Tusichelewe hapa: chaji, kuchaji, chaja. Simu imeisha chaji, imejaa, haikai na chaji. Katika fizikia ni chaji chanya na chaji hasi, na kipimo chake ni kulombu. Angalia usiichanganye na mkondo wala volteji. Ile namba ya mAh kwenye betri ya simu hupima chaji: 5000 mAh ni kulombu 18,000. "Recharge" ya muda wa maongezi haichajiwi. Ni kuongeza salio. "A charged atmosphere" haina waya wowote: hali ni tete, joto limepanda. Na "discharge" ya hospitali, kama ni ya mgonjwa, ni kuruhusiwa. Kama ni ya kidonda, ni usaha au majimaji. Cheti kinachoandika "no discharge" kisomwe chote kwanza, vinginevyo ndugu wataambiwa mgonjwa haruhusiwi kumbe kidonda kimekauka.

Kuvamia

"The elephant charged" ni "tembo alimjia mbio". Waongoza watalii hutenganisha na "mock charge": tembo anatanua masikio, anapiga kelele, anakuja, halafu anasimama hatua chache mbele. Huko ni kutishia, na tafsiri iseme hivyo. Kwenye soka, "charge" ni kumkumba mwenzako. Sheria ya 12 haikatazi kila kukumbana. Ni kosa pale linapofanywa kwa uzembe, kwa kutojali au kwa nguvu kupita kiasi. Kwa hiyo "fair charge" ni bega kwa bega halali, na mtangazaji asiite faulo.

Jaribio la mwisho

Chukua kifungu hiki: "The doctor in charge said there was no charge for the X-ray. Then a man charged into the ward, shouting that he had been charged twice. Police later charged him with assault."

Kiswahili chake: "Mganga mfawidhi alisema picha ya eksirei hailipiwi. Mara akaingia wodini mtu mmoja mbiombio, akipiga kelele kwamba ametozwa mara mbili. Baadaye polisi walimfungulia mashtaka ya shambulio."

Hapo "charge" zimekuwa tano na hakuna neno la Kiswahili lililojirudia. "No charge" imegeuka kitenzi, kwa sababu "hakuna malipo kwa eksirei" ingenuka Kiingereza. Ile ya nne ndiyo ya kuangalia mara mbili. Kama yule mtu angekuwa analalamika kwamba ameshtakiwa mara mbili, sentensi ya Kiingereza isingebadilika hata herufi. Kilichotuelekeza kwenye pesa ni eksirei iliyotajwa mstari mmoja kabla.